Salamu Fupi Kwenye Kaseti Ndefu

Hodan, mjukuu wangu,

Assalaam aleikum. Hapa Waberi tu wazima, na mbuzi wa shangazi yako amezaa pacha. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu siiamini.

Unauliza kama yale uliyomwandikia binamu yako mtandaoni yamekwisha, maadamu umeyafuta. Mimi sijui. Na wewe pia hujui.

Miaka ya tisini dada yangu Kaltuma aliishi Lafey. Hatukuwa na simu, kwa hiyo tulirekodi habari zetu kwenye kaseti, na dereva wa lori akatubebea. Siku moja, kwa hasira, nilijaza upande mzima nikimsema mume wake. Kabla lori halijaondoka nikajuta. Nikairudisha kaseti mwanzo, nikarekodi salamu nzuri juu ya yale maneno, nikaituma.

Salamu zangu zilikuwa fupi. Kaltuma alifungua redio mbele ya wageni, mumewe akiwa kando yake. Salamu zikaisha, kaseti ikaendelea, na matusi yangu yakasikika kuanzia katikati.

Alininyamazia mwaka mzima, mpaka nikapanda lori mwenyewe. Mumewe alinimiminia chai, akasema, "Shemeji, leo sema mwenyewe. Redio nimezima."

Basi futa, lakini pia nenda kwa binamu yako, umtazame usoni.

Kaltuma huapa kwamba kaseti ile aliifuta zamani. Kila nikilala kwake, akienda sokoni, mimi huitafuta.

Nyanya yako,
Habiba