Ukanda Namba Tano: Kumkumbuka Bong Sun-rye wa Yeosu

Mwaka umetimia, Mama Ran-hui, tangu utuage asubuhi ile ya theluji kiduchu, siku nne tu baada ya kujaza mitungi ya kimchi, mboga zetu za kuchachusha kwa chumvi.

Miaka thelathini na moja ulikuwa mkemia wa mipira na plastiki, na kazi hukuiacha kiwandani. Mgeni akivua kandambili mlangoni kwetu, alizikuta zimekunjwa, zimenuswa, pengine zimeng'atwa. Mumeo, Pyo Dal-man, bado anaapa mbele ya majirani kwamba ulinusa kiatu cha diwani ukataja kiwanda kilikotoka, zamu iliyokitengeneza, na supu waliyokunywa wafanyakazi siku hiyo.

Ulikuwa mpole. Uliwakatia majirani vipande vya mpira wakazibia mabomba yao, kisha ukawafuata miaka mitatu kuuliza kama yanavuja.

Ile polima yako nyeupe, mpira ulioubuni mwenyewe, kiwandani waliikataa. Uliitengeneza izibe madirisha ya magari, ikageuka manjano, mradi ukafungwa. Ulirudi nayo nyumbani, karatasi nzima ya mpira umeiviringisha kama mkeka.

"Haina kosa," ulisema. "Haijapata kazi tu. Hata wewe, Baba Ran-hui, nilikuokota huna kazi."

Ukaikata kanda kumi zenye namba, ukazitundika juu ya paa, zitazame jua. Kila mwezi wa tano ulishusha mmoja, ukauvuta kwa mizani ya wavuvi, ukaandika daftarini. Ulitaka miaka kumi kamili, ili watu wa maabara ya kiwanda wasiwe na la kusema. Mwaka wa tatu, namba tano ikatoweka.

"Kunguru!" mumeo akasema. "Mkubwa, Mama Ran-hui, kama mbuzi! Alipopiga mbawa, nguo za jirani zote chini."

"Mbuzi jike au dume?" uliuliza, huku unaandika.

Daftari lako linasomeka hivyo mpaka leo: Namba tano, umechukuliwa na kunguru, kwa maelezo ya mume.

Hospitali uliacha agizo moja. Ukanda wa kumi ushushwe, na daftari lipelekwe kwa Seok wa maabara, yule uliyemfundisha kazi. "Na usitie chumvi, Baba Ran-hui. Nambari tu."

Mwezi wa tano mumeo alipanda paani, miaka sabini na sita, kiuno kimefungwa kamba ya kuanikia nguo, binti yako ameishika chini. Aliugusa ukanda, ukakatika kama ngisi mkavu. Jua lilikuwa limeumaliza. Alikaa juu ya vigae na kipande mkononi, miaka yako kumi imekuwa makombo.

"Baba, shuka, supu inapoa!"

"Iache ipoe."

Mkaidi hufunzwa na mkaidi, nawe ulimfunza vizuri. Msimu wa kimchi ulipofika tena, mumeo alifunua mtungi wa marehemu mama yako, ule wa majani ya haradali. Akasimama na mfuniko mkononi. Chini yake, pale ulipokuwa siku zote, ulikuwa umejikunja ukanda namba tano.

Sasa tuambiane ukweli, mbele ya wasomaji wote. Mumeo ndiye aliyeugonga mtungi ule kwa toroli na kuupasua mdomo. Ndiye aliyeiba ukanda, akaubana chini ya mfuniko ili ufa usionekane na harufu isitoke. Unakumbuka alivyojitolea ghafla, tangu mwaka ule, kuwa yeye peke yake wa kuufungua na kuufunga? Ulimwambia dada yako kwamba ndoa hatimaye imemfunza adabu. Haikumfunza kitu.

Lakini shika hapa, Mama Ran-hui. Miaka saba katika chumvi na uchachu, na ukanda ni laini kama ndewe ya sikio. Akauvuta kwa mizani yako. Akauvuta tena. Haukukatika.

"Baba," Ran-hui akauliza, "kunguru ni wewe?"

"Nimestaafu."

Angeweza kunyamaza. Aliubeba ukanda na daftari hadi maabara, akamsimulia Seok kila kitu, bila mbuzi.

"Mzee," Seok akasema, baada ya kuuvuta na kuupima, "huu unaogopa jua, lakini chumvi haiufanyi kitu. Mama hakukosea. Tuliipa polima yake dirisha, wakati ilihitaji pipa la chumvi. Ila ukanda mmoja si ushahidi. Nikienda na huu, watanicheka."

"Unataka mingapi?"

"Kumi. Na miaka."

Basi msimu huu tumejaza mitungi kumi. Polima tumeikata kwenye ile karatasi yako iliyokuwa nyuma ya kabati, na kila mfuniko una namba. Mmoja utafunguliwa kila mwaka, tarehe kama ya leo. Wa mwisho utamkuta mumeo ana miaka themanini na sita. Ameshamwarifu daktari kwamba kabla ya hapo hana nafasi ya kufa. Mwandiko wa daftari ni wa Ran-hui. Mumeo haruhusiwi kushika kalamu.

Unakumbukwa na mumeo Pyo Dal-man, binti yako Pyo Ran-hui, dada yako Bong Sun-nam, Seok na wenzake wa maabara, na majirani ambao mabomba yao hayavuji.

Hatutakusahau kamwe. Namba tano imerudi, na kunguru anaomba radhi.