Faili la Akiba Nililolitupa

Dada Skola mpendwa,

Hii ni mara ya tatu naianza barua hii tangu asubuhi. Mbili nimezichana. Natoka nje, natembea mpaka kona ya saluni, narudi, nakaa, nanyanyuka tena. Chai imepoa mezani. Ungekuwepo ungesema, "Deo, hebu kaa chini, unanizungusha kichwa."

Unakumbuka chumba chetu hapa Shanwe, tulipokuwa tunawatengenezea warina asali wa Ugalla ukurasa wao wa mtandaoni? Wewe unaandika JavaScript, mimi nakaanga mihogo na kuuliza maswali ya kijinga. Uliigawa kazi katika moduli ndogondogo, kila moja na faili lake: la mizinga, la ndoo za asali, la majina. Halafu kukawa na lile la akiba. Nikakuuliza mbona hakuna faili lingine linalochukua kitu kwake. Ukacheka. "Hilo we liache tu. Haliombwi kitu. Ila mtandao ukikata ndo linaamka, linawatunzia walichoandika." Kisha ukachukua kipande changu kikubwa cha muhogo.

Ukahamia Dodoma kikazi, ukaniachia kila kitu. Mwanzoni sikugusa hata neno. Lakini warina wakalalamika kwamba ukurasa ni mzito, simu zao za zamani zinahangaika kuufungua. Nikaamua kuyafungasha mafaili yako yote yawe moja, kisha nilibane: nafasi zitoke, majina marefu yawe herufi mojamoja. Chombo cha kufungashia, ile programu ya kompyuta, unaweza kukipa ruhusa kitupe faili lolote ambalo wenzake hawachukui kitu kwake. Nikakipa. Uzito ukapungua zaidi ya nusu. Nikaujaribu hapa mjini, mtandao umejaa, kila kitu kikaenda. Nikajiona fundi kuliko wewe. Nisamehe, lakini ndivyo nilivyojiona.

Mzee Malambo wa warina akaingia na ukurasa huo porini, kusiko na mtandao. Siku tisa kambini anarina na kuandika mzinga mmoja mmoja. Aliporudi penye mtandao, hakikufika kitu. Alikuja hapa ameishika simu kwa mikono miwili.

"Dada yako katuachia kitu kibovu," akasema. "Siku tisa, mwanangu."

Nilijua palepale kilichotokea: chombo kilikuwa kimelitupa lile faili la akiba. Nikakohoa, nikasema nitaangalia.

Ndicho kinachonikosesha raha, dada. Faili nimeshalirudisha, ni mstari mmoja tu, unaokiambia chombo kwamba lile la akiba lisiguswe. Nikazima data kwenye simu, nikaandika mizinga ya kubuni, nikawasha, yote ikafika. Kazi ya dakika kumi. Lakini Mzee Malambo ameshawaambia wenzake kosa ni lako. Na wale wakulima wa mpunga wa Mwamkulu, waliotaka uwatengenezee ukurasa wao, wamesikia, wanasema watatafuta mtu mwingine. Wiki mbili nimenyamaza. Jumapili ulipopiga ukauliza, "Warina wangu hawajambo?" nikajibu wazima, nikasingizia chaji imeisha.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi sikusikia, guu lililovunjika ni lako.

Tangu siku ile nakumbuka redio ya baba. Ilivyolala chini imepasuka, mimi nimejibanza nyuma ya mlango, na wewe unasema, "Ni mimi, baba." Ulichapwa, ukaja kunifuta machozi mimi ambaye sikuguswa. Hatukuwahi kulizungumza. Nadhani nilizoea, dada. Nilizoea kwamba jambo likiharibika upo wewe wa kusimama mbele. Naona aibu, na nakukumbuka mno.

Kesho Jumamosi warina wana kikao, na nimewaomba wale wa Mwamkulu nao waje. Jumatatu nitaingia porini na Mzee Malambo, kama atakubali, tupitie mizinga yake upya na kuandika tena. Barua hii nitaisoma kikaoni nikiwa nimesimama, mbele ya wote waliosikia jina lako likitajwa vibaya. Nikishamaliza ndipo nitaipiga picha nikutumie. Unaweza kunikasirikia utakavyo. Simu safari hii itakuwa na chaji.

Na redio ya baba niliiangusha mimi. Hilo nalo nitawaambia, hata kama hakuna aliyeuliza.

Mdogo wako uliyemkingia fimbo,
Deo