Yaya Alitia Signature Beni

Jumatatu, tarehe 7 mwezi wa kumi
Grève, mugomo yetu ya balimu, inaendelea. Niliamuka, nikavaa nguo ya shule, kisha nikakumbuka. Nikaenda kupalilia maharagi na ile nguo vile vile. Yaya Masika, dada yangu mukubwa, alipita kunywa chai. Tunafundisha shule moja ya serikali hapa Butembo, mimi darasa la tano, yeye la sita. Yeye njo délégué wa syndicat kwetu, anasema kwa jina ya chama chetu cha balimu. Ananicheka: mwalimu mwenye matope.

Jumatano, tarehe 9
Assemblée, mukutano ya balimu wote, mu salle ya parokia. Balimu balijaa mpaka inje. Serikali imeita badélégués Beni kwa mazungumuzo. Sheria iko hivi: kama badélégués banatia signature ku mapatano, inatufunga sisi wote, hata mwenye alikatala. Na cotisation, ada ya syndicat, inakatwa mbele mushahara itufikie, upende usipende. Basi tulimupa Yaya neno moja tu: mushahara iongezwe, ao hapana signature. Sisi wote tuliinua mikono. "Nimesikia," alisema.
Nilikuwa na furaha juu yake.

Ijumaa, tarehe 11
Yaya alipanda pikipiki asubui kwenda Beni. Ile barabara ya mauaji. Rosari siku muzima.

Jumamosi, tarehe 12
Ametia signature.
Nilisikia kwa radio, hapana kwa kinywa yake. Mushahara yetu itabakia vile iko. Serikali inaahidi kulipa balimu bale banafundisha tangu zamani bila mushahara, bazazi tu njo banabapatia kitu. Grève imeisha. Sikukula.

Jumapili, tarehe 13
Alirudia. Alikuja kwangu moja kwa moja.
"Katungu, nilifika ku shule moja ya Ruwenzori, upande wa Beni," alisema. "Mwalimu analala mu classe na batoto yake. Bazazi balikimbia vita, habana kitu ya kumupa. Kisha serikali inatuambia: mushahara yenu iongezwe, ao bale balipwe. Hapana yote mbili. Ungefanya nini?"
"Ningepiga simu, niulize balimu."
"Balisema ni sasa ao basi."
"Hatukukutuma ile, Yaya."
Alikuwa na vumbi ku nyusi. Nilitaka kumupangusa. Sikufanya.

Jumatano, tarehe 16
Mutu ameandika "musaliti" na chaki ku mulango ya classe yake. Balimu habamusalimie. Mimi namusalimia, lakini nikiangalia chini.
Mwalimu Kambale wa shule yetu, mwenye hajalipwa hata siku moja tangu aanze kazi, alimushika Yaya mikono mbele ya batu wote. Kambale alilia. Directeur wa shule akamuambia aende ku darasa.

Jumamosi, tarehe 19
Assemblée tena. Kumutosha Yaya ku kazi ya délégué ao kumuacha. Kila mutu ainue mukono, hapana kura ya siri. Balianza na benye kumutosha.
Niliinua.
Yaya alikuwa mbele, ananiangalia. Hakukasirika, hata wakati balihesabu mikono na akatoshwa. Ile njo iliniua. Ningali naamini: délégué anabeba neno ya batu, hapana yake. Naamini, na inaniuma. Ee Nyamuhanga, Mungu wetu. Nililia sawa siku tulizika mama.

Jumapili, tarehe 20
Ku misa alikaa benchi ya nyuma. Sikugeuka.

Alhamisi, tarehe 24
Ameomba mutation, kuhamishwa kazi, kwenda Manguredjipa. Bamemukubalia mbio mbio. Huko batu banakimbia vita, yeye anaingia. Nilienda kumukataza. Alikuwa anafunga sufuria mu kitenge.
"Hapana sababu yako," alisema. "Hapa siwezi kufundisha tena. Batoto banasikia yote."
"Nakupenda, Yaya."
"Najua."
Alinipa kiti. Dada yangu wa tumbo moja alinipa kiti sawa vile banapatia mugeni. Nilikaa.

Jumamosi, tarehe 26
Ameenda. Sikuambiwa saa ya kuondoka.

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa kumi na moja
Mvua tangu asubui. Nimefundisha hesabu ya sehemu. Kambale njo anashika darasa la sita sasa, nasikia sauti yake kupita ukuta. Anafundisha muzuri. Mushahara yake haijafika. Banasema mwezi ujao.
Saa ya récréation, batoto banapumuzika, simu ililia. Yaya. Réseau ya simu ya kule ni mubaya. Nilisikia "Katungu", mara moja, kisha ikakatika.
Nilibakia na simu ku sikio mpaka kengele.