Miwani ya Kusomea Barua za Zuhura

Nguvumali, Tanga. Jumatano, 14 Machi 1956

Joto la leo halina adabu. Masika inakaribia lakini haiji, mawingu yanachungulia tu kama mgeni aliyekosea mlango, kisha yanakwenda zake. Mwezi wa Shaaban umeandama. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Sina raha, na raha sistahili.

Daftari, wewe huna mdomo, kwa hiyo nitakwambia.

Mimi sioni. Mbali naona: nguo iliyoanikwa nyumba ya tatu naweza kukwambia imetoboka wapi. Karibu ndiyo sioni. Nikishika karatasi, mistari inakuwa kama siafu waliomwagiwa maji. Mwaka wa pili huu. Kurasa zako za nyuma nimezitazama leo kwa mara ya kwanza, nikakuta mistari imepandana. Pole.

Na sikumwambia mtu, kwa sababu wenye miwani nimewacheka mno. Jirani yangu Mwalimu Bakari alipovaa yake nikamwita Bundi. Jina likamganda mpaka wanafunzi wake wa chuo cha Kurani wanamwita hivyo akiwapa mgongo. Sasa na mimi niende nikavae?

Ningejikalia na upofu wangu, lau si Zuhura.

Zuhura ndiye binti yetu pekee, ameolewa Wete, Pemba. Huandika kwa herufi za Kiarabu, khati niliyomfundisha mwenyewe, na mama yake, Bi Mwanakombo, hajui kusoma. Barua ikija, msomaji ni mimi. Ya kwanza niliisoma sawasawa. Ya pili nikaambulia salamu tu. Nikaona haya kusema, basi nikaongeza ya kwangu.

Tangu hapo nimesoma barua nne bila kuziona.

Nilianza kwa heshima. Zuhura anasalimu, mumewe hajambo, karafuu zimekubali. Kisha nikanogewa. Zuhura akamwomba mama yake asimnyime baba mchuzi wa pweza. Zuhura akapata jirani mwenye bata mzinga mkorofi, anayemfukuza kila apigaye hodi. Bi Mwanakombo akampenda bata yule kuliko anavyompenda mkwewe. Tukijibu, yeye husema na mimi huandika kwa kupapasa, herufi kubwa kubwa, na mwisho lazima zitiwe salamu za bata.

Juzi Jumatatu ikaja ya sita. Bi Mwanakombo akaigeuza huku na huku, akauliza mbona leo wino mchache. Nikaisogeza mbali, nikaona hata mimi: mistari minne. Zuhura hujaza karatasi pande zote mbili, kisha huzunguka ukingoni. Nikaanza habari za bata. Mke wangu akanikazia macho, akasema mistari minne haiwezi kumbeba bata mzima huyo.

Mtoto wa maneno mengi akiandika mistari minne, ana jambo. Siku mbili nimeuguza wazo hilo. Ningempelekea Bundi anisomee, lakini kabla ya alasiri baraza zima lingejua nimekuwa nikisoma nini. Nikaona heri miwani.

Asubuhi nikavaa kanzu safi, barua nikaitia mfukoni, nikaenda mjini kwa Bwana Jivan, Muhindi wa miwani. Akanitolea sinia la fremu na kioo. Ya dhahabu bandia ikanifanya karani aliyefukuzwa kazi. Nyeusi nene ikanifanya Bundi mwenyewe, kasoro manyoya. Ya duara ikawa ya padri anayepita Muheza kwa baiskeli. Iliyobaki ilikuwa ya rangi ya ng'amba, yule kasa wa baharini. Bwana Jivan akasema hiyo inanipendeza. Nikamwambia jamaa zake ng'amba nimewala sana, sasa naona mmoja amekuja kunikalia puani. Akacheka, mimi nikacheka, na mkono wangu ulikuwa mfukoni umeshika barua.

Kisha akanitia usoni chuma kizito cha kubadilishia vioo, akanionyesha ubao wa herufi ukutani. Herufi za Kizungu nazijua, nilikaa miaka miwili shule ya Mdachi kabla ya vita. Nikasoma mstari mmoja, akatikisa kichwa. Akaongeza kioo. Nikasoma tena, akatikisa tena. Kila akiongeza kioo, ubao ulizidi ukungu, na yeye alizidi kunihurumia. Nikajua nimekwisha, narudi nyumbani na fimbo.

Mwisho akaondoa vioo vyote, akauliza taratibu, "Mzee, herufi ya kwanza ni ipi?"

"T."

"Hiyo ya mwisho."

"Ya mwisho kwa nani? Mimi nimeanzia kulia."

Neno ningelianzia kushoto, lakini zile hazikuwa neno, ni herufi tu zimetawanywa, na jicho langu likashika njia ya chuoni. Bwana Jivan akakaa kitini akacheka mpaka akajifuta machozi. Akasema macho yangu ya mbali ni ya kijana, tatizo ni karibu tu. Akatia vioo viwili vya kusomea, akaniambia nijaribu kitu ninachosoma mwenyewe.

Nikatoa barua.

Siafu wakajipanga. Kila nukta ikakaa mahali pake, na ile herufi ya kafu ya Zuhura, ya mkono mrefu, niliyomgombeza nayo alipokuwa mdogo.

"Baba, bata gani? Mara mbili nimeuliza mama atanifuata lini nije kujifungua nyumbani, mnanijibu bata. Shaaban ikiandama natimiza miezi saba. Kama mmenikasirikia niambieni, nisiendelee kungoja."

Nikaisoma mara ya pili. Vioo vilikuwa vizuri mno.

Kwetu uzazi wa kwanza ni kwa mama. Mama huenda mwenyewe kumchukua mwanawe kwa wakwe. Asiyefuatwa huonekana hana kwao, na wakwe humtazama hivyo maisha. Mwanangu amekaa Wete anatazama mlango miezi yote hii, na mimi huku namfugia bata.

Bwana Jivan akauliza kama naona. Nikasema naona. Akauliza nimechagua fremu ipi. Nikamwambia yoyote. Akanitilia vioo kwenye ile ya ng'amba.

Nikapita posta, nikapeleka simu ya maandishi: Mama anakuja. Karani akauliza kama kuna neno la kuongeza. Nikasimama pale mpaka mtu wa nyuma yangu akakohoa. Sikuongeza.

Njiani nilitunga uongo mara tatu, na wote ulikuwa mzuri. Nilipofika, Bi Mwanakombo alikuwa anakuna nazi. Akaitazama miwani, hakucheka. Hapo uongo wote ukanitoka. Nikakaa chini nikamwambia kila kitu, kuanzia barua ya pili.

Akaacha kukuna. Akaingia ndani akaleta barua zote.

"Sasa soma. Zote. Na usome kilichoandikwa."

Nikasoma. Katika ya tatu Zuhura anatapika kila asubuhi na anatamani embe mbichi za kwetu. Siku ile mimi nilisoma mchuzi wa pweza. Mke wangu akawa analia bila sauti. Nikinyamaza anasema, "Endelea." Nikaendelea mpaka mstari wa nne wa barua ya sita.

Akafuta uso kwa ncha ya kanga. "Kwa hiyo hakuna bata."

"Hakuna."

Akatikisa kichwa polepole, kama aliyeletewa habari ya msiba.

Jumamosi kuna stima ya Pemba. Anakwenda kumleta mtoto. Nikasema nitabaki nilinde nyumba.

"Utakuja, Baba Zuhura. Utakaa mbele ya mwanangu, umwambie kwa mdomo wako huo huo."

Amesema mwanangu. Miaka yote amesema mwanetu.

Nimejaribu kumtania tangu alasiri, hajibu. Nimejaribu kukaa kimya, kimya changu hakikai. Jumamosi haiko mbali, na sijapata hata neno la kuanzia, kulia wala kushoto.

Macho sasa ninayo, ya mbali na ya karibu. Uso ndio sijui nitauweka wapi.