Nyongeza ya Tatu

Jumatatu, 4 Novemba 2019

Daftari langu, nimekutupa tangu Ramadhani, uniwie radhi. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa na jambo ambalo ningependa kulisoma tena.

Leo binti yangu Nihal alikuja na wakala wa bima, Bwana Shukri. Anakata bima ya maisha kwa ajili ya wanawe wawili. Bima yenyewe ameshaikubali. Zimebaki nyongeza tatu: ajali, ulemavu, saratani. "Ni kama koshari, Mwalimu," alisema Shukri. "Sahani ya wali na dengu ipo. Sasa unachagua vitunguu na pilipili." Akamaliza glasi tatu za chai yangu.

Nihal alichukua mbili za kwanza. Ya tatu akaikataa. "Kwetu saratani haipo. Sisi ni watu wa moyo. Mama si alikufa kwa moyo, Baba?"

Nikasema chai inapoa.

Jumatano, 6 Novemba

Mke wangu Samiha hakufa kwa moyo. Ilikuwa saratani ya titi — ndiyo mara ya kwanza naiandika. Hapa Mansoura watu hawaitaji. Husema "ule mbaya", tena kwa kunong'ona. Samiha aliniapisha hospitalini: "Nihal asijue, wala jirani. Wachumba wataikimbia nyumba yetu." Nihal alikuwa na miaka kumi na mitatu. Wachumba hawakukimbia. Ameolewa, amezaa, nami bado nimenyamaza. Darasani niliadhibu wanafunzi kwa uongo mdogo kuliko huu.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimempigia Nihal simu. Nimemwambia aichukue ya tatu.

"Wewe, Baba? Si ulisema bima ni kumfundisha Mungu kazi?" Akacheka. Kisha, taratibu, akauliza kama kuna jambo ninalomficha.

Nikamjibu kwamba mtu mzima hujikinga. Jibu la mwoga.

Jumamosi, 9 Novemba

Nihal amekubali, "ili upate usingizi, Baba". Amekuja na fomu. Shukri amemwonya kwamba jibu la uongo likigundulika, nyongeza inabatilika, hata akiwa anaumwa kweli. Lakini si hilo linalonikaba. Nilimuuliza kama amewahi kupimwa matiti. Akanishangaa: apimwe kwa nini, mtu wa moyo? Ana miaka arobaini.

Sasa yuko jikoni, anakaanga mbilingani huku anaijaza fomu. Ameniuliza kupitia mlango:

"Baba, Mama alifariki akiwa na miaka mingapi?"

"Arobaini na miwili."

Hilo nimelijibu kwa ukweli. Naye akasema: "Mdogo hivyo? Haya, sababu ya kifo nimeandika moyo. Njoo utie sahihi ya shahidi, Shukri yuko njiani."

Nimeomba dakika moja. Nitaandika hapa nikishaamua. Ameshazima jiko, na nasikia anavuta kiti changu mezani.