Mupira wa Gurudumu la Chini

Jumatatu, 3 Oktoba
Mvua tangu asubuhi. Kitshanga yote matope. Papa Athanase, fundi mwenye hii atelye ya mbao, alinipa sahani ya mashine ya kusugua mbao – kile kitambaa chake cha kushika karatasi ya msasa kimekufa. Nilikata kingine ku sakosha, mufuko wa zamani, nikapaka kole, gundi ya viatu, nikaweka jiwe juu. Kazi ndogo. Baba yangu alikuwa fundi viatu kule Buleusa. Hakuniachia kitu ingine, ni kole tu. Lakini kole njo inanilisha hapa tangu tulikimbia.

Mchana alikuja Mama Nicole, muuguzi wa kituo cha afya. Anataka vitanda kumi vya kipindupindu, wagonjwa wanalala chini. Kila kitanda iko na tundu katikati, ndoo ya uchafu inakaa chini yake. Papa Athanase anakata nusu ya tundu ku ubao huu, nusu ku ule, halafu anaunganisha. Ni musumeno wa mukanda tu unaweza kupinda vile.

Jumanne, 4 Oktoba
Vitanda vitatu, halafu mashine ikaanza kulia vibaya. Tulifungua. Ile mukanda ya meno inazunguka ku magurudumu mbili, na kila gurudumu limevaa mupira ili mukanda usiteleze. Mupira wa chini umeliwa! Umepasuka mahali patatu. Mupya iko Goma, na barabara imefungwa tena.
Papa Athanase: nitafute namna.

Jumatano, 5 Oktoba
Nilikwangua mupira wa zamani, nikasugua chuma mpaka ikang'aa. Nikakata mupira wa ndani wa pikipiki, nikapaka kole mara mbili, nikauvuta kwa nguvu, nikafunga na kamba. Nilimaliza saa tisa ya mchana. Kole hii inataka siku nzima. Kwa baridi ya hapa, siku mbili.
Nilimwambia Papa Athanase: mpaka Ijumaa. Akakubali.

Alhamisi, 6 Oktoba
Mama Nicole alirudi asubuhi, hata kusalimia hakusalimia. Watu wawili wamekufa, pale chini, mu uchafu wao wenyewe. Mumoja ni Byukusenge, yule mama aliyekuwa anatuuzia mihogo. Jana tu alinicheka sababu ya mikono yangu nyeusi!
Papa Athanase akaniangalia.
– Josiane, imekauka?
Niliweka kidole gumba. Mahali pote pagumu. Ila pale ncha mbili za mupira zinakutana, kidole kilishikwa kidogo. Kidogo tu. Na Mama Nicole amesimama pale, gauni lake lina matapishi ya watu.
– Imekauka, Papa.
Kitanda cha ine, sawa. Cha tano, sawa. Nilianza kupumua. Ku cha sita mupira ulifunguka, mukanda ukaruka. Papa Athanase alisimama tu akiangalia mukono wa kuume kama ni wa muntu mwingine. Vidole viwili vilikuwa mu unga wa mbao.
Nilimufunga na kitambaa changu cha kichwa. Pikipiki ikamubeba.

Ijumaa, 7 Oktoba
Noël, yule anayepiga randa, anaambia kila muntu: ni mukanda, mukanda ulizeeka. Watu wanatikisa kichwa kukubali. Mimi pia nilitikisa.
Walipoenda kula, nilifungua gurudumu peke yangu. Ku kiungo kole bado inavutika kama asali. Nikaikwangua yote, haraka haraka. Hakuna muntu aliyeniuliza kitu. Basi nilikuwa namuficha nani?

Jumapili, 9 Oktoba
Misa. Walimuombea Papa Athanase. Généreuse, mke wake, alinikumbatia mbele ya watu wote.
– Dada, wewe njo ulizuia damu. Mungu akubariki.
Sikukula.

Jumatatu, 10 Oktoba
Mama Nicole alipita. Mama mumoja wa kambi ya wakimbizi aliyelala ku kitanda cha tano amepona, amerudi kwa watoto wake. Alitaka nifurahi. Kitanda hicho kilikatwa na uongo wangu, na muntu amepona juu yake. Sijui niweke wapi habari kama hiyo.

Jumatano, 12 Oktoba
Papa Athanase amerudi! Amekonda. Mukono wote bandeji. Noël hataki kugusa mashine, basi Papa Athanase amesema Généreuse njo atakata, yeye atamuonyesha na mukono wa kushoto. Vitanda vitano vimebaki, na nyumba yao iko na watoto ine.
– Weka mupira mwingine, Josiane. Kole yako njo naamini.
Niliuweka.

Ijumaa, 14 Oktoba
Siku mbili kamili. Nimeugusa mupira mara ishirini, kiungo chote, na ukucha pia. Mugumu kama chuma. Généreuse alifunga kitenge kiunoni, akashika ubao. Jenereta ikawaka.
Papa Athanase akainua mukono wa kushoto: angoje kwanza. Alikuwa anaangalia mukanda, hakuniangalia mimi.
– Noël anasema mukanda ulizeeka. Lakini mimi niliuweka mupya mwezi wa tisa.
Généreuse aliacha ubao.
– Sasa ni nini iliruka?
Nikasema nakuja, nimesahau kisu. Niko huku nyuma ya atelye, juu ya rundo la mbao, naandika. Kisu iko mu mufuko wangu.
Wamezima jenereta. Naisikia sauti ya Papa Athanase, ya chini, siyo ya hasira. Ingekuwa ya hasira ningejua la kufanya. Généreuse ananiita: Josiane. Tena: Josiane, dada. Sasa ni viatu vyake ku matope, anazunguka ukuta, na mimi –