Mkanda wa Kumshikia Baba

Pasiansi,
Ilemela, Mwanza.
22 Juni, 2024

Mpendwa dada Kija,

Shikamoo dada. Huko Newala mnaendeleaje? Shemeji Nestory kikohozi kimemwacha? Na watoto je, wamezoea shule mpya? Sisi huku tupo, tunapumua, ila mwenzio sijatulia hata kidogo. Hata barua hii naiandika nikiinuka na kukaa, kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake kwenye foleni.

Utashangaa kuona barua wakati simu zipo. Ni kwamba kwenye simu siwezi kukueleza. Baba anakaa pale barazani, na ugonjwa umemwachia masikio yote mawili. Kila ukiuliza, "Baba anaendeleaje?" mimi najibu, "Vizuri tu, dada," huku ananitazama. Kwa hiyo Jonathan, mwalimu mwenzako, aliponipigia kuaga kwamba anarudi Newala, nikamwambia anisubiri kidogo, kuna mzigo mwepesi.

Mama hajambo. Yuko Usagara na ng'ombe, hataki kuwaacha, na sisi hatuna wa kumwachia. Mvua zilikatika mapema, mpunga umepatikana wa kula tu. Mbuzi wake mwenye baka jeupe amezaa mapacha.

Sasa habari yenyewe. Ulishasikia kwamba Baba alianguka, lakini hukusimuliwa alivyoanguka. Baada ya kile kiharusi, alipotoka hospitali tukamleta hapa kwangu, na anakuja binti mmoja wa Kihaya, Odeta, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba mgonjwa wa namna hii hashikwi mkono wake uliolegea, utauchomoa begani. Unamfunga mkanda kiunoni, unamshika kwa nyuma, anatembea mbele yako. Akiyumba, wewe ndiye mguu wake mwingine.

Tukatumia mkanda wake wa siku zote. Unamjua Baba alivyo mkubwa. Siku ile tunapita karibu na simtangi la maji, goti la kulia likakunjika, nikavuta. Mkanda ukarefuka mkononi mwangu, Kija. Ukapanda mpaka kifuani, tundu likachanika, bizimu likaachia. Nikabaki nimeshika ngozi, Baba yuko chini, paji la uso linatoka damu.

Kidonda kilipona haraka. Lakini yeye akakataa kusimama. Odeta akija, anafumba macho. Mimi nikimsogelea anasema kwa ule ulimi wake mzito, "Hamtaniweza." Na siku uliyopiga ukazungumzia kununua kiti cha magurudumu, alikusikia. Alikigeuza kiti chake, akaangalia ukuta mpaka jioni.

Tangu hapo mimi sikukaa. Odeta alikuwa ametuambia kwamba mguu usipotumika miezi hii, baadaye ni vigumu kuuamsha. Basi kila nikimwona ameketi naona mguu ule unasinzia, unasinzia, na mimi fundi wa viatu wa mji mzima nimekaa tu. Nikawa nakula nimesimama. Wateja wakileta sendozi nashona upande mmoja nasahau wa pili. Wifi yako Sabina akaniambia, "Malimi, mgonjwa ni mmoja humu ndani. Usituongezee."

Nikaamua kutengeneza mkanda. Sijawahi kushona mkanda wa kubeba mtu, lakini ngozi ninayo, uzi ninao. Nikakata kipande kipana kutoka kwenye ngozi ninayotumia kwa sendozi, nikakipaka rangi, nikatia bizimu kubwa. Ulipendeza mno. Nikamfunga Sabina, nikamwambia ajiachie kama anaanguka, tukazunguka uani, yeye akicheka, mimi nikivuta. Tuliporudi pale tulipoanzia, mkanda ulikuwa umelegea nyuma kama kamba ya kuanikia nguo.

Nilitaka kuutupa juu ya bati. Ndipo Baba, kutoka barazani, akasema, "Lete."

Nikampa. Akaukunja kwa mkono wa kushoto, akaubana kwa vidole, akaunusa.

"Hili tumbo," akasema.

"Tumbo gani, Baba?"

"Tumbo la ng'ombe. Akila linatanuka, akilala njaa linarudi. Ngozi yake ndiyo hii. Unataka isivutike?" Akapumzika, maana maneno marefu yanamchosha. "Mgongo. Kata kufuata uti wa mgongo. Usikate kukingama."

Dada, sikungoja hata kuvaa viatu vizuri. Niliruka kwenye bodaboda mpaka sokoni Nyamagana, kwa Antoni anayeuza ngozi zilizokwisha kulainishwa. Akanitolea za mabegani, laini, akazisifu. Nikazikataa. Nikapindua rundo lote mpaka akaniuliza kama natafuta ngozi au natafuta ugomvi. Mwishoni nikapata ya mgongo, nene, ngumu, ukiikunja inakurudishia mkono.

Nikakata mapande mawili marefu kufuata uti. Nikayalowesha, nikayaning'iniza kwenye boriti ya ukumbi, chini nikafunga mawe, na mawe hapa kwetu hayatafutwi. Nilitaka yavutike yote yanayoweza kuvutika kabla hayajamgusa Baba. Kazi ikabaki kusubiri yakauke kivulini, na hapo ndipo nilipoteseka. Kila nikikaa naona bado nimesimama. Nakwenda nayagusa, narudi, nakwenda tena.

"Ukizidi kuyagusa hayatakauka," Sabina akasema. "Yatakuogopa."

Yalipokauka nikayagandisha mgongo kwa mgongo kwa gundi, katikati nikaweka utepe mgumu wa nailoni, ule wa kufungia mizigo kwenye malori, kwa sababu wenyewe hauvutiki kabisa. Nikatoboa kwa msharasi, nikashona kwa mkono, uzi nimeupaka nta, mishono karibu karibu, kingo zote mbili. Matundu ya bizimu nikayatoboa ya duara, maana lile la kwanza lilichanika kwa kuwa lilitobolewa kwa kisu. Nyuma na ubavuni nikatia vishikio kama vya begi. Kisha nikaufunga kwenye boriti, nikaning'inia mwenyewe, miguu juu. Sabina akatoka jikoni akapiga kelele, akadhani nimeamua mengine. Haukusogea.

Nikampelekea Baba. Akauangalia muda, akautupa chini.

"Mnataka kunifunga kama ndama?"

Ningekuwa na machozi ya karibu ningelia. Sijui nani alinituma, lakini niliuokota nikaufunga kiunoni mwangu mwenyewe, nikamgeuzia mgongo.

"Nivute, Baba."

"Toka hapa."

"Nivute. Ukiulegeza nautupa kwenye moto."

Kija, yule mzee mkono wake wa kushoto bado unashika mafahali. Alivuta mara moja tu, nikaenda kinyumenyume, nikaangukia mapajani mwake, mtu mzima mwenye ndevu. Mkanda palepale. Akacheka. Mdomo unaomtii ni upande mmoja tu, lakini alicheka mpaka Sabina akatoka kuja kuona.

Alipomaliza kucheka akasema, "Haya. Nifunge."

Tulianza kwa kusimama tu na kukaa. Halafu hatua mpaka mlangoni, halafu mpaka uani. Goti likikunjika navuta, na mkanda unakuja na mtu mzima mzima, haupandi, haulegei. Odeta ameniomba nimshonee mwingine, kwa mgonjwa wake wa Nyegezi.

Jumapili iliyopita tulikuwa tumefika karibu na geti, Odeta yuko pembeni. Baba akasimama.

"Achia," akasema.

"Baba, bado—"

"Malimi. Achia."

Nikamtazama Odeta, akatikisa kichwa kukubali. Nikafungua vidole kimoja kimoja. Akaenda, dada. Mguu wa kulia anauburuza kama jembe, bega limeinama, lakini akaenda peke yake mpaka nguzo ya geti, akaishika. Mikono yangu ikabaki hewani, sijui niiweke wapi. Watu walikuwa wanatoka kanisani, mama mmoja akapita akasema, "Shikamoo babu." Naye Baba, wima, akamjibu, "Marahaba, mama. Mmesali?"

Niliingia ndani nikajifungia kidogo.

Kile kiti usikitume kwanza. Sisemi hatakihitaji kamwe, Odeta mwenyewe hasemi hivyo. Lakini kwa sasa usikitume. Badala yake mpigie umsemeshe yeye, usiniulize mimi, na umpe nafasi amalize maneno yake. Yanachelewa lakini yanafika.

Usidhani nimetulia. Sasa anataka nimrudishe Usagara akawaone ng'ombe, kila asubuhi ananiuliza gari. Nikimkatalia ananuna, nikiwaza kumkubalia nauona ule mlima wa kupandia zizini na moyo unaniruka. Nishauri, tafadhali. Wewe ndiye mkubwa.

Sabina anakusalimu sana. Baba anakusalimu, hajui nimeandika nini. Mama anawasalimu kutoka Usagara. Nisalimie shemeji Nestory, na watoto wote, hasa Modesta, mwambie babu yake anamuulizia. Mungu awashike mnapoyumba, awalinde huko kusini, na atupe siku ya kuonana sote tukiwa wima.

Ndimi mdogo wako akupendaye,

Malimi